Mtu Asiye Ndugu

Kitu cha kwanza alichokiona Nevena kilikuwa kifungo. Fomu ilikuwa tayari mezani, na mjomba wake Metodi alikuwa ameshavuta kiti cha marehemu mama yake na kukikalia kama chake, lakini yeye aliona kifungo. Kilikuwa cha pili kutoka juu kwenye koti la ofisa wa ustawi wa jamii, kikubwa, cha kahawia, chenye matundu manne. Uzi ulikuwa umelala mistari miwili sambamba, haukukatishwa msalaba, na chini yake ulizungushwa mara sita mpaka ukawa shina gumu. Kiwandani huzungusha mara tatu, kwa sababu mara tatu inatosha mpaka koti lifike dukani. Nevena aliuhesabu uzi ule kwa macho na shingo ikamwiva moto.

Kifungo kile alikishona yeye.

"Dada, unanisikia?" ofisa aliuliza. Jina lake lilikuwa Bi Vakareva, na alikuwa na mafua. "Nimekuuliza leo ni tarehe ngapi."

"Leo ni arobaini ya mama."

"Nimeuliza tarehe. Sijauliza matanga."

"Si unaona mwenyewe?" mjomba Metodi akadakia. "Ndivyo alivyo. Ukimuuliza kaskazini anakujibu kusini."

Tarehe Nevena aliijua. Alikuwa amezihesabu siku zote arobaini, moja moja, na jikoni sufuria ya ngano ilikuwa inapoa, ngano aliyoichemsha tangu alfajiri ili aigawe kwa watu kama inavyopasa, pamoja na sukari na unga wa biskuti. Lakini alikuwa na miaka thelathini na sita, na katika miaka hiyo maswali yote yaliyoingia nyumbani humo yalijibiwa na mama yake. Mtu akimtazama moja kwa moja, ulimi wake ulikuwa unalala.

Bi Vakareva alipenga kamasi, akageuza ukurasa. "Mkate bei gani?"

"Stotinki themanini."

Mjomba alicheka kwa sauti, akajipiga paja. Hata ofisa alitabasamu. Mkate haukuwa umeuzwa bei hiyo tangu Nevena akiwa msichana. Ni mama yake, Sevda, aliyekuwa akirudi na mkate chini ya kwapa kila siku na, akiulizwa, akijibu vilevile, themanini, mwaka huu na mwaka ule, ili mwanawe asijue jinsi dunia ilivyopanda. Nevena alimtazama mjomba akicheka na kwa mara ya kwanza maishani mwake alitamani kumtupia mtu sahani.

"Moto ukiwaka humu ndani, unapiga simu namba gani?"

"Mia moja na..." Nevena alianza, taratibu.

"Ataanza kulia," mjomba akasema juu ya sauti yake. "Atajifungia chooni alie. Andika, mama, tusipotezeane muda."

Ofisa akaandika.

"Amewahi kufanya kazi?"

"Kazi!" alisema mjomba. "Huyu hata sigara hajawahi kutumwa. Tangu alipoanguka kifafa darasa la nne hajatoka humu. Dada yangu, Mungu amsamehe, alikuwa akimlisha kama ndege."

Nevena akakitazama kifungo. Maneno yalikuja mpaka kwenye meno. Kwa miaka kumi na tisa mama yake alirudi kutoka kiwandani na kigari cha magurudumu mawili, juu yake gunia la makoti ishirini yasiyo na vifungo, na asubuhi gunia lilirudi limekamilika. Sevda alipanga sindano na mishumaa ya kulainishia uzi, na Nevena alishona. Na kwa miaka hiyo kumi na tisa alisikia amri moja: mtu akiuliza, wewe sindano huijui. Basi maneno yakafika kwenye meno yakabaki hapo.

*Hajawahi kufanya kazi yoyote*, aliandika Bi Vakareva. Alikuwa na mwandiko mzuri.

"Sasa nisikilize," alimwambia, safari hii akimtazama. "Mjomba wako ameomba mahakama imfanye msimamizi wako. Akikubaliwa, yeye ndiye atakayesaini kila kitu, na hii nyumba pia. Wewe utapelekwa kituo cha kutunzia wasiojiweza, juu kule milimani. Ripoti yangu naifunga leo saa kumi. Kama yuko mtu mzima asiye ndugu yako anayekufahamu, aje mwenyewe na kitambulisho, aandike kwamba unaweza kukaa peke yako. Yuko?"

"Hana mtu," alisema mjomba.

"Nimemuuliza yeye."

Nevena alirudisha macho kwenye kifungo.

"Kituo ni kizuri," mjomba alimwambia alipokuwa akisimama, na sauti yake ikawa laini kabisa, sauti ya kumbembeleza mtoto ale uji. "Nimekuombea chumba chenye dirisha. Hapa nani atakulisha, Nevenche? Mwanangu anarudi kutoka Uhispania na mke na watoto wawili. Watalala wapi, juu ya mti?"

Akaacha mezani bahasha ya matangazo ya arobaini aliyoyachapisha, ya kubandika milangoni na kwenye nguzo. Akamfungulia Bi Vakareva mlango kama mwenye nyumba.

Nevena alitoa karatasi moja. Picha ya mama yake ilikuwa ile ya kitambulisho, mdomo umekazwa. *Siku arobaini bila Sevda, dada yetu mpendwa.* Na chini kabisa: *Wenye majonzi: kaka Metodi na familia yake.*

Aliisoma mara mbili. Kisha alitafuta kalamu, akaketi kwenye kile kiti cha mama yake, na juu ya kila karatasi, zote kumi na tano, akaongeza kwa herufi kubwa za darasa la nne: *NA NEVENA, BINTI YAKE.* Kwenye ya mwisho alibonyeza kalamu mpaka karatasi ikatoboka.

*

Alianza na jirani wa chini, kwa sababu ndiye pekee aliyebaki. Wengine wote wa jengo lile walikuwa Ujerumani na Uhispania, wakichuma stroberi na kuwaosha wazee wa watu. Jirani alifungua mlango kwa upana wa mnyororo. Alipokea kikombe cha ngano, akasema, "Mungu amsamehe," na alipoelezwa jambo lenyewe akatikisa kikombe kana kwamba kimemuunguza.

"Mimi na Metodi tunasalimiana, mwanangu. Ndiye aliyenipatia kuni. Kesi sitaki." Kisha, mlango ukiwa karibu kufungwa: "Na kwa kweli nakufahamu nini mimi? Nimekusikia unatembea tu huko juu."

Ilikuwa saa tano. Nevena alisimama kwenye ngazi na sufuria kwenye mfuko wa kamba, matangazo chini ya kwapa, na kopo la gundi ya unga. Alitafuta kichwani mtu mwingine. Padri alikuwa mgeni. Daktari alimjua mama. Muuza duka alimjua mama. Ulimwengu mzima ulimjua mama.

Basi, akasema, niende kwa wanaomjua mama.

Hakuwa amewahi kufika kiwandani. Alishuka barabara ya mto akiwa karibu na kuta, na kila nguzo aliyoipita akaipaka gundi na kubandika karatasi, kwa kuwa mikono ikiwa na kazi miguu yake haikutetemeka. Kiwanda kilikuwa ghala la zamani la tumbaku, madirisha yamepakwa rangi nyeupe ili washonaji wasitazame nje. Alibandika karatasi moja kwenye lango la chuma, akailainisha kwa kiganja, na kengele ya saa sita ikalia juu ya kichwa chake mpaka akashtuka.

Wakatoka kama arobaini, wote kwa aproni za buluu, vyombo vya chakula mikononi. Walikuwa na nusu saa. Wengine waliwasha sigara kabla hawajavuka lango.

"Nani kafa tena?" mmoja alipaza sauti. Alikuwa mwembamba, nywele zimepakwa rangi nyekundu kama pilipili, na wenzake walimwita Pena. "Tukiendelea hivi, mkuu wetu Spas itabidi afukue wafu ili mstari wa mashine ujae."

"Ni Sevda. Arobaini."

"Wewe! Siku zinakimbia kuliko mimi nikifuata basi."

Nevena alikuwa ameshika kikombe. Alikinyoosha bila kusema neno. Pena akakipokea, akasema, "Mungu amsamehe," akala kijiko. Wengine wakasogea, na Nevena akawagawia, akijaza vikombe vya karatasi haraka, macho chini.

"Tamu," alisema Pena. "Na wewe ni nani, mrembo? Wa kanisani?"

"Binti yake."

Vijiko vikasimama.

"Binti yake yupi? Sevda alikuwa na mmoja tu, yule wa kitandani."

"Ndiye mimi."

Pena alimtazama kuanzia viatu, akapanda taratibu. "Basi kitanda kimekutoroka, dada."

Wachache walicheka, wengi hawakucheka. Mwanamke mmoja aliweka kikombe chini juu ya ukuta. "Subiri kwanza," alisema Pena, na utani ukamtoka usoni. "Mimi kila Pasaka natoa lev mbili za godoro lako. Miaka kumi! Sevda alilia mbele yetu. Alisema hugeuki bila kugeuzwa. Ndiyo maana Spas alimruhusu magunia, eti ashonee nyumbani huku anakulinda."

Nevena hakuwa akijua. Aliwaza godoro. Nyumbani kulikuwa na godoro moja la sponji, limebonyea katikati, alilolalia tangu utotoni. Alitaka kuchukua sufuria yake akimbie, na alitaka pia kupiga kelele, na kati ya haya mawili akabaki amesimama tu na kijiko kikubwa mkononi.

"Mwacheni apumue," ikasema sauti ya nyuma.

Aliyesema alikuwa mama wa makamo, mnene, kitambaa cha maua kimefungwa chini ya kidevu kama wanavyofunga Waislamu wa vijiji vya juu. Alikuja mpaka mbele, akamtazama Nevena mikononi, siyo miguuni.

"Mimi ni Aishe. Nilikaa mashine ya pembeni mwa mama yako. Hebu niambie kitu, mwanangu. Januari Sevda alilazwa hospitali mwezi mzima. Aliniomba nisiache kupeleka gunia, mgao wake usije ukapewa mtu mwingine. Kila jioni nililiweka mlangoni kwenu, nikagonga, nikakimbilia basi. Asubuhi nililikuta palepale, limeshonwa, limekunjwa. Aliniambia ni wifi yake anayeshona."

"Wifi yake!" Pena alisema. "Mke wa Metodi? Yule hata kitufe cha lifti anabonyezewa."

"Nani aliyekuwa akishona?" aliuliza Aishe.

"Uliacha tini," Nevena alisema.

"Nini?"

"Tini zilizokaushwa. Juu ya gunia, kwenye mfuko wa kitambaa. Mara mbili." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa inatoka. "Mfuko wako mpini wake ulikuwa umekatika. Nikaushona."

Aishe alifunika mdomo kwa mkono. "Na kuupiga pasi," alisema kupitia vidole. "Ulirudi umepigwa pasi. Nikamwambia mume wangu, huyu wifi ana moyo kuliko ndugu mwenyewe." Akageuka kwa wenzake. "Mnasikia? Vile vifungo. Vya Sevda visivyong'oka. Vile ambavyo mama aliyetumwa na tajiri kukagua alivivuta kwa koleo mbele yetu vikagoma, na Sevda akapewa sanduku la chokoleti. Ni vyake huyu!"

"Chokoleti tulikula," alisema Nevena.

Hapo Pena alicheka kicheko cha kweli, akamshika bega, na Nevena, ambaye hakuwa ameguswa na mtu tangu siku ya mazishi, nusura amwage sufuria.

Lango dogo lilifunguka. Aliyetoka alikuwa Spas, mkuu wa zamu, mwanamume mwenye kalamu tatu mfukoni na uso wa mtu asiyelala. Alisoma tangazo, akalibandua lote kwa mvuto mmoja, gundi ikiwa bado mbichi.

"Hapa siyo makaburini. Wageni wa tajiri wanaingia saa saba, wakute maiti langoni?"

"Ni Sevda, Spas," alisema Aishe.

"Namjua. Mungu amsamehe. Mkambandike kanisani."

Alikunja karatasi, akaitia mfukoni penye kalamu. Nevena aliona jina lake mwenyewe likikunjika. Ndipo akasema. Aliyasema yote bila kupumzika, kwa haraka, kama mtu anayeshuka ngazi gizani akiogopa kusimama: mjomba, msimamizi, kituo cha milimani, saa kumi, mtu mmoja tu asiye ndugu. Alipomaliza, akatazama chini.

Pena aliweka kikombe chake juu ya ukuta.

"Mimi nitaenda," alisema Aishe.

"Utaenda wapi?" Spas aliuliza. "Kuandika nini? Kwamba alishona vya hapa nyumbani? Hapa hakuna gunia lililowahi kutoka."

Wanawake walicheka wote kwa pamoja, na Spas akawa mwekundu.

"Nasema hivi: halikutoka. Kazi ya nyumbani haina mkataba, haina bima, mkaguzi akisikia tunafungiwa wote. Na wewe, Aishe, ukitoka kabla ya kengele ya jioni unajua sheria. Nyongeza ya mwezi huna. Na kesho usishangae ukikuta mashine yako ina mtu."

Aishe alivua aproni. Hakuivua kwa hasira. Aliikunja mara nne, kwa mikunjo ya mtu aliyezoea kukunja, akampa Pena.

"Miaka ishirini na miwili nipo hapa," alisema. "Kila siku naambiwa sikuona nilichokiona. Saa za ziada sikuziona. Kidole cha Zorka kwenye mashine sikukiona. Sasa na huyu, amesimama mbele yangu na kijiko, nisimwone? Nimechoka kuwa kipofu, Spas. Toa njia."

*

Kwenye ofisi ya ustawi wa jamii walichukua namba, wakakaa chini ya bango la familia inayotabasamu. Walikuwa mbele yao watu kumi na watano. Mashine ya namba iliharibika mara moja, na mlinzi akaipiga ngumi ikapona. Saa tisa na nusu dirisha lilifungwa kwa kahawa. Aishe alimwambia Nevena juu ya binti zake wawili huko Ubelgiji na juu ya mbuzi mmoja anayejua kufungua komeo. Nevena alisikiliza. Hakuwa amewahi kusikiliza mtu akimsimulia yeye, siyo mama yake.

Saa tisa na dakika hamsini wakaitwa.

"Umempata," alisema Bi Vakareva, na alishangaa kweli. Koti lilikuwa limetundikwa nyuma yake kwenye msumari. Alichukua kitambulisho cha Aishe, akakigeuza mbele na nyuma. "Unamfahamu tangu lini?"

"Miaka kumi na tisa."

"Kwa macho. Ulimwona kwa mara ya kwanza lini?"

Aishe alifikiri. Uongo ulikuwa rahisi, ulikuwa pale mezani kama kalamu, na Nevena alimwona akiutazama na kuuacha.

"Kwa macho, leo saa sita. Lakini kazi yake naishika mkononi miaka yote hiyo. Ukishika kazi ya mtu kila siku unamjua. Huyu hajawahi kuchelewa siku moja. Hajawahi kukosa kifungo."

"*Anamfahamu tangu leo saa sita mchana*," alisema Bi Vakareva huku akiandika.

"Sikusema hivyo!"

"Umesema hivyo, mama. Kazi gani, ya nani? Mkataba uko wapi? Kitabu cha kazi? Michango ya bima?"

"Koti lako," alisema Nevena.

Wote wawili wakamgeukia.

"Lile koti. Vifungo vinne vya mbele, viwili vya mikono. Uzi umezunguka mara sita. Cha chini kabisa nilikirudia, kwa sababu kitambaa kilikuwa na kasoro, kwa ndani utakuta nimeweka kiraka kidogo kama ukucha. Ndiyo maana uliuziwa rahisi." Hakujua sauti hii aliitoa wapi. "Asubuhi umeandika sijafanya kazi, na umekuja ukiwa umeivaa. Geuza uone."

Kwenye dirisha la pili mfanyakazi mwenzake Bi Vakareva aliacha kugonga muhuri. Bi Vakareva alisimama, pengine kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Aligeuza pindo la koti. Akakaa hapo muda, mgongo kwao, kidole juu ya kile kiraka. Aliporudi kitini alikuwa hatabasamu.

"Fomu haina mahali pa koti," alisema.

"Andika tu," alisema Aishe.

"Niandike wapi? Kazi ni ile iliyolipiwa bima. Isiyolipiwa siyo kazi, mama, mimi sikutunga. Nikiandika alishona bila mkataba, ripoti inarudishwa, naulizwa kiwanda gani, na wewe ndiye utakayekuwa shahidi, na kesho hao wenzako wote wako barabarani wananilaani. Unataka?"

Aishe alikivuta kitambulisho chake, akakitia mfukoni.

"Ndivyo ilivyo." Bi Vakareva alisukuma fomu chini ya kioo. "Anayeombewa msimamizi asaini hapa, kwamba amesomewa."

Nevena aliichukua kalamu. Alisoma taratibu, kwa kidole, kila mstari. Tarehe hajui. Bei ya mkate hajui. Hana ndugu mwingine wala rafiki. Hajawahi kufanya kazi yoyote. Shahidi anamfahamu tangu leo saa sita mchana. Saa ya ukutani ilionyesha dakika mbili zimebaki. Hakusaini kwenye nukta. Aliigeuza karatasi ubavu, na kwenye ukingo mweupe, kuanzia juu mpaka chini, aliandika kwa herufi zake kubwa: *NIMEFANYA KAZI MIAKA KUMI NA TISA. SIKUBALI MSIMAMIZI. NEVENA.*

"Hapo ni pembeni," alisema Bi Vakareva. "Pembeni hapasomwi."

"Wataona pameandikwa."

Bi Vakareva aliitazama saa, akaitazama karatasi. Angeweza kuichana, fomu nyingine zilikuwa rundo zima mbele yake. Akaipiga muhuri, sehemu ya muhuri ikaangukia juu ya yale maneno. "Mahakama ni baada ya Pasaka," alisema, akafunga dirisha.

*

Basi la Aishe la jioni lilikuwa bado, kwa hiyo wakapanda makaburini na ngano iliyobaki. Jua la Machi lilikuwa halijazama. Msalaba wa mbao, wenye picha ileile ya kitambulisho, ulikuwa umeegemea upande mmoja kwa mvua, na Aishe akausimamisha kwa mguu, akashindilia udongo kwa kisigino.

"Nyinyi mnamwaga mvinyo, sisi tunasoma," alisema. "Mimi nitasimama tu. Ataelewa."

Walikula kutoka kikombe kimoja.

"Jumapili uje kwetu. Basi la saa tatu. Unajua kupanda basi?"

"Sijui."

"Unapanda, unakaa. Hakuna siri nyingine."

Nevena alitabasamu, kisha akauliza, "Na mashine yako?"

"Nitajua kesho." Aishe alichota ngano ya mwisho, akatafuna kwa muda mrefu. "Sevda alikuwa rafiki yangu. Sikuelewi, dada wa watu," aliiambia picha. "Ulituficha mtu kama huyu kwa ajili ya gunia?" Akachukua sufuria na kuteremka nayo bombani, kule karibu na geti, ili aisuuze.

Nevena akabaki peke yake na ile picha yenye mdomo uliokazwa.

Alikumbuka akiwa na miaka kumi na miwili. Walikwenda mji mkubwa, hospitali, kwa daktari wa kifafa, mama yake akavaa viatu vyake vya harusi. Nevena aliambiwa asubiri kwenye benchi, lakini benchi lilikuwa la baridi, akasimama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo. Baba yake alikuwa ameondoka majira ya baridi yaleyale, na viatu vyake vilikuwa bado barazani nyumbani. Kisha mama yake akatoka, akamshika mkono kwa nguvu mno, akamnunulia andazi la jemu, na kwenye basi, bila kuulizwa, akasema: daktari amesema bado, mwanangu, bado sana. Nevena alikula andazi. Alielewa kwamba mama yake anaogopa nyumba tupu, akameza, akanyamaza. Kwanza kwa siku ile moja, kisha kwa miaka ishirini na minne.

Maji yalisikika yakigonga sufuria huko chini. Alipiga magoti, akaweka kiganja juu ya udongo kama mtu anayegonga mlango wa jirani.

"Nilikuwa nyuma ya mlango, mama," alisema kwa sauti. "Nilimsikia daktari. Alisema nimepona. Alisema nirudi shule."